Sikio linalotoa usaha lisipuuzwe

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto anayeota meno ni lazima masikio yake yatoe majimaji, au kwamba usaha huo utakauka wenyewe akikua. Imani hii imewapokonya watoto wengi uwezo wao wa kusikia. Meno hayaleti usaha. Sikio likitoa usaha, huo ni ugonjwa, na una tiba.

Mara nyingi huanza na mafua. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo cha hewa kilichounganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Kwa mtoto mchanga mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo viini hupanda kwa urahisi kutoka puani na kooni. Chumba hicho kikijaa usaha, maumivu huwa makali. Mtoto asiyeweza kusema hulia usiku kucha, hukataa kunyonya, huwa na homa na hulivutavuta sikio. Hatimaye kiwambo huweza kutoboka, usaha ukatoka na maumivu yakapungua. Hapo mzazi hudhani mtoto amepona, kumbe ana tundu sikioni.

Hesabu siku tangu usaha uanze. Zikiwa chini ya 14, kwa kawaida daktari hutoa dawa ya kunywa ya kuua bakteria, kama vile amoksilini, pamoja na parasetamoli ya kutuliza maumivu. Hakikisha mtoto amemaliza dozi hata akionekana kupata nafuu. Zikifika 14 au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu. Sasa tiba ni kulikausha sikio na kutia matone kama ya siprofloksasini, baada ya sikio kuchunguzwa. Usijinunulie matone yoyote dukani. Mengine, kama ya jentamaisini, yanaweza kudhuru uwezo wa kusikia iwapo kiwambo kina tundu.

Kulikausha sikio hakuhitaji gharama. Nawa mikono, kisha usokote kipande safi cha kitambaa laini cha pamba kiwe kama utambi. Kitie sikioni taratibu, na kikilowa ukitoe na kuweka kingine, hadi kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku kabla ya kutia matone. Usiuache utambi ndani, na mtoto anapooga maji yasiingie sikioni.

Usitie mafuta, maziwa ya mama wala maji ya kitunguu katika sikio linalotoa usaha. Usilichokoe kwa kijiti cha kiberiti, kalamu au vijiti vya pamba. Hata nta ya kawaida huachwa, kwa kuwa hulilinda sikio.

Mpeleke mtoto hospitalini siku hiyo hiyo ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, shingo kukakamaa, kutapika pamoja na kuumwa na kichwa sana, degedege, au uso kupinda upande mmoja. Dalili hizi huonyesha kwamba ugonjwa huenda umeingia kwenye mfupa au umekaribia ubongo.

Mchunguze pia mtoto wako wa shule. Yule anayeitwa mkaidi au mzito wa kuelewa huenda hamsikii mwalimu. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Asipoitika, apimwe masikio. Tundu lisiloziba lenyewe linaweza kuzibwa kwa upasuaji.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mnyonyeshe mtoto, usimpe chupa akiwa amelala chali, na umwepushe na moshi wa sigara na wa jikoni. Hakikisha amepata chanjo dhidi ya nimonia, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka wa 2011, kwa kuwa kiini kimoja kinachozuiwa na chanjo hiyo hushambulia masikio pia. Na ikiwa nyumbani kwako kuna sikio linalotoa usaha leo, usingoje mwezi uishe.