Mgombea kwenye mstari wa bidoni



Tangu kampeni ifunguliwe tarehe 19 Novemba, gari lenye vipaza sauti linapita kwenye avenyu yetu asubuhi na jioni, na kila siku mtu anatuletea kitu: kitambaa cha kichwa, kipimo cha chumvi, kalenda yenye picha yake akicheka. Kwenye kikao chetu tulikata shauri moja. Mgombea yeyote anayetaka kuongea na kikundi chetu kabla ya kura ya tarehe 20 Desemba 2023, aje kwanza kwenye robine saa kumi na moja asubuhi, bidoni mkononi. Tulipeleka barua kwa wagombea watatu wa bunge la jimbo walioomba kutuona. Mmoja alijibu kwamba ratiba yake imejaa. Mwingine bado tunamngoja. Wa tatu alikubali.

Hatutaji jina lake. Gazeti hili ni la familia, linasomwa na wamama wa vyama vyote, na hatutaki kesho liitwe karatasi ya kampeni. Itoshe kusema ni baba wa watoto, mzaliwa wa hapa Uvira, na kabla ya siasa alikuwa akifanya kazi ya kupima viwanja. Kazi hiyo muikumbuke, tutairudia.

Alifika, lakini tuseme ukweli: alifika saa kumi na moja na nusu, na bidoni hakuwa nayo. Mama mmoja alimwazima yake ya lita 20, ya njano, yenye mpasuko uliozibwa kwa plastiki ya kuyeyusha. Akasimama nyuma ya wasichana. Mbele yake kulikuwa na bidoni zaidi ya sitini, nyingine zimelala pale tangu usiku kushika nafasi ya wenyewe. Maji yalitoka mpaka saa kumi na mbili na dakika chache, halafu robine ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika. Zamu yake haikufika.

Yaliyofuata sisi tulio walimu tunayajua kwa moyo. Wasichana walizigeuza bidoni tupu kichwani, wakateremka kuelekea ziwani. Baadhi yao tuliwaona tena darasani somo la pili likiwa katikati, miguu ina mchanga, macho mekundu. Mkifungua daftari la mahudhurio, majina ya wachelewaji ni yale yale juma baada ya juma, na karibu yote ni ya wasichana. Mgombea aliuliza kwa nini wavulana hawaendi. Wamama walicheka, halafu wakatazamana. Swali hilo ni letu, si la bunge.

Tulikaa naye kwenye ukumbi tunapofanyia likelemba. Chumvi aliyokuja nayo tulimwomba airudishe garini kwanza.

Alianza na mji wenyewe. Alichora ubaoni kama mwalimu, na hakuchora vibaya: mlima upande mmoja, ziwa Tanganyika upande mwingine, na katikati utepe mwembamba wa ardhi ambamo sisi wote tunaishi. Mito Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inateremka kutoka mlimani inaukata utepe huo kabla ya kuingia ziwani. Kwa hiyo Uvira haiwezi kupanuka kama miji ya nchi tambarare. Inarefuka kando ya barabara, au inapanda mlima, au inaingia kitandani mwa mto. Zamani ilikuwa cité tu. Leo ni mji, na vita vimetuletea ndugu zetu kutoka Hauts Plateaux, kutoka Fizi, kutoka bonde la Ruzizi. Kila aliyefika alihitaji mahali pa kulaza watoto, na aliyekuwa na kipande cha ardhi alikigawa akauza.

Hapo alisema jambo ambalo hatukulitegemea kutoka kwa mtu anayetafuta kura. Alisema yeye mwenyewe, alipokuwa mpimaji, alipima viwanja ambavyo havikupaswa kupimwa, karibu kabisa na mto. Mwenye kuuza alikuwa ameshapokea franka, mnunuzi ameshaleta mawe ya msingi, na wakubwa walitaka karatasi tu. Akaweka kamba, akaandika. Ukumbi ulinyamaza. Kati yetu kuna wamama wenye karatasi kama zile sandukuni, na kuna waliozipoteza pamoja na nyumba.

Maana usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 hakuna aliyeusahau. Mulongwe ilitoka kitandani na mawe na magogo, ikachukua makumi ya watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Mahali pa kuchotea maji ya mtambo wa mji, pale mtoni, nako paliharibika, hivi kwamba tulioponea nyumba tulibaki bila robine. Halafu ziwa nalo likapanda, likaingia kwenye nyumba za pwani na kwenye bandari ya Kalundu. Maji yalikuwa kila mahali, na ya kunywa hayakuwapo.

Mgombea anasema mafuriko yale na robine kavu ni ugonjwa mmoja. Mlima umevuliwa miti kwa ajili ya makala na mashamba ya mihogo. Mvua ikinyesha hakuna kinachoishika, inateremka na udongo, na udongo huo unaingia kwenye mto ule ule ambao mtambo unachota maji yetu. Maji machafu sana yanachelewesha kazi ya kusafisha. Kwa hiyo yeye anataka tuanzie juu: miti na mianzi kwenye kingo, hakuna kiwanja kipya kando ya mito mitatu, hakuna kuchimba mawe na mchanga karibu na madaraja na karibu na mahali pa kuchotea maji.

Tulikubaliana naye kuhusu miti. Kuhusu mawe, hapana, au si kwa namna alivyolisema. Kwenye ukumbi ule kulikuwa na wamama wasiopungua kumi wanaogonga mawe mtoni tangu alfajiri, mtoto mgongoni, ili wayauze kwa wajenzi. Minerval ya watoto wao inatoka kwenye nyundo ile. Mmoja alisimama akamuuliza: ukitufukuza mtoni Jumatatu, Jumanne watoto watakula nini? Alijibu kwamba kutakuwa na sehemu zilizopangwa, mbali na madaraja, na ushirika wa wagonga mawe utakaotambuliwa. Tulimuuliza sehemu zipi. Alitaja moja. Wamama walimwambia pale hakuna mawe. Mpimaji aliandika hilo kwenye kijitabu chake, na tunamsifu kwa kuandika, lakini mtu anayetaka kubadilisha riziki ya watu angeenda kuangalia kwanza.

Tulikaa zaidi kwenye jambo la kolera, maana hapo ndipo mioyo yetu ilipo. Kila mama hapa anajua njia ya kituo cha matibabu. Watu wengine bado wanasema kolera inaletwa na upepo wa ziwa, au na jirani mwenye roho mbaya. Tuwaambieni kile kilichoonekana hapa hapa kwetu. Wachunguzi wa shule ya afya ya London walisoma daftari za wagonjwa wa kituo cha kolera cha Uvira kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, wakazilinganisha na maji yaliyotolewa na mtambo kila siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Waliona kwamba baada ya siku ambayo robine zimekauka kabisa, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kolera walizidi mara mbili, kulinganisha na baada ya siku ambayo maji yametoka vizuri. Na walikadiria kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walitokana na upungufu wa maji ya robine.

Wamama, tusome hesabu hiyo polepole. Haisemi tu kwamba maji ya ziwa ni mabaya, hilo tunalijua. Inasema kwamba tukiwa na robine siku tano na kuikosa siku ya sita, siku ile ya sita inatosha kutuingiza hatarini, sababu ndiyo siku ambayo binti anateremka ziwani. Ndiyo maana hatukufurahi sana mgombea aliposema ataleta robine mpya kwenye kila avenyu ndani ya miaka miwili. Mabomba mapya tumeshayaona. Umoja wa Ulaya, shirika la maendeleo la Ufaransa na Fondation Veolia wameweka mali na kazi kwenye maji ya mji huu, na tunashukuru. Lakini robine mia bila umeme ni vyuma mia. Tulimuuliza waziwazi: umeme ukikatika, maji yatapandaje?

Hapo alitoka kwenye ahadi akaingia kwenye kazi, na ndipo alipotupendeza zaidi. Alikiri kwamba mjumbe wa jimbo hachimbi mtaro wala haweki bomba. Anachoweza ni kupitisha bajeti ya jimbo, kutunga sheria za jimbo, na kumwita gavana au waziri wake ajibu maswali. Tangu sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015, maji si jambo la Kinshasa peke yake. Jimbo nalo lina kazi yake. Na Katiba, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa na umeme inalindwa. Kwa hiyo anataka kudai kwamba kwenye bajeti ya jimbo kuwe na mstari wa Uvira unaosomeka: nguvu ya jua au mashine ya akiba kwa ajili ya pampu, na fedha za kuitunza. Pili, kiwanja kisipimwe mahali ambapo bomba halitafika. Mpimaji aje nyuma ya bomba, si mbele yake.

Sentensi hiyo ya mwisho tuliipenda. Tuliona kwamba inatoka kwa mtu aliyeweka kamba mahali pabaya na anayejua kilichofuata.

Lakini mwisho alisimama mama mmoja wa kando ya Mulongwe. Hatumtaji naye. Nyumba yake ya kwanza ilikwenda na maji mwaka 2020. Aliishi kwa shemeji yake, kisha akarudi akajenga mabati na miti hatua chache kutoka mahali pale pale, maana ndipo karatasi yake inaposema. Alimuuliza mgombea kwa sauti ya chini, mpaka tukamwomba arudie: papa, ukiwa bungeni na ukipitisha sheria ya kutuondoa mtoni, karatasi yangu itahesabika au haitahesabika? Niliinunua kwa franka za mume wangu marehemu. Mlinipimia ninyi.

Yeye hakusema ninyi nani. Mgombea alifungua kijitabu, akakifunga. Akajibu kwamba haki ya mtu aliyenunua kwa uaminifu ni lazima itazamwe, kwamba atapendekeza viwanja vya badala upande wa bonde. Mama akauliza vya nani, na kwa bei gani. Akasema hilo hawezi kuahidi leo.

Baadhi yetu waliona hilo ni jibu dogo. Sisi tunaoandika tulibishana hata njiani kurudi. Mmoja alisema mtu asiyeahidi asichonacho ni bora kuliko kalenda yenye picha ya kucheka. Mwingine alisema huyo mama hali ukweli, anahitaji mahali pa kulala mvua za Aprili zikija, na wakati huo wajumbe watakuwa wamekaa Bukavu. Mpaka tunaandika hatujapatana, na mkisikia kwenye soko kwamba kikundi chetu kimemchagua mtu, mkanushe.

Kuhusu nyumbani, tunawakumbusha kwa ufupi, sababu mvua zimeanza: maji ya ziwa au ya mto yaachwe yatulie, yachemke mpaka yatokote vizuri, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yawekwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba ambamo mkono wa mtoto hauingii. Kikombe cha kuchotea kiwe kimoja na kiwe na mpini. Mtoto akianza kuhara maji maji kama ya mchele, asingojewe mpaka asubuhi.

Barua kwa mgombea wa pili tumeirudia. Wamama wenye maswali wayalete kwa katibu kabla ya Alhamisi, yakiwa yameandikwa au hata kwa mdomo, tutayaandika sisi. Na mama mwenye bidoni ya njano anaomba aliyeibeba kwenye gari lile siku ile airudishe, sababu anaitumia.