Ubeti Mmoja Bila Kinanda

Katika kazi zote apewazo mwimbaji wa kanisani, hapana iliyo fupi na nzito kwa pamoja kama ile ya kuifungua peke yake ibada ya nyimbo za Noeli, hali kinanda kimenyamaza na umati umesimama. Mfano wake uliotangaa zaidi ulimwenguni ni ule wa kanisa la King's College, Cambridge, nchini Uingereza, ambako kila tarehe 24 Desemba, saa tisa alasiri kwa saa za huko, yaani saa kumi na mbili jioni kwetu Afrika ya Mashariki, mtoto mmoja huimba ubeti wa kwanza wa "Once in Royal David's City" pasipo kusaidiwa na chombo wala sauti nyingine.

Asili ya ibada hiyo, yenye masomo tisa yaliyofuatanishwa na nyimbo, si Cambridge bali ni Truro, kusini-magharibi ya Uingereza, ambako Askofu Edward White Benson aliiongoza mkesha wa Noeli wa mwaka 1880 katika jengo la mbao, wakati kanisa kuu lilipokuwa lingali likijengwa. Mwaka 1918 Eric Milner-White, aliyekuwa amerejea kutoka vitani alikohudumu kama kasisi wa jeshi, aliipeleka King's. Mwaka uliofuata "Once in Royal David's City" ukawekwa mwanzoni mwa ibada, na tangu 1928, redio ya BBC ilipoanza kuitangaza, makosa ya mtoto aimbaye peke yake, iwapo atakosa, hayana tena pa kujificha.

Shida ya ubeti huo si urefu wake wala ukali wa noti zake, bali ni hesabu inayoungojea mbele. Katika makanisa yetu mwanzishaji akiuanza wimbo chini, kwaya humfuata huko huko chini, na aghalabu hapana aliyedhurika; walakini kule King's ubeti wa kwanza ni wa mtoto peke yake, ubeti wa pili ni wa kwaya bila kinanda, na ubeti wa tatu ndipo kinanda na umati huingia kwa kishindo. Kinanda hakimfuati mtu. Sauti ikiwa imeshuka hata kwa kiasi kidogo katika beti mbili za kwanza, kinanda kitakapolia kitaidhihirisha tofauti hiyo mbele ya kila mwenye sikio.

Hatari yenyewe imo katika noti tatu za mwanzo. Wimbo huanzia chini, ukaruka hadi noti iliyo nusu hatua tu chini ya noti ya msingi, kisha ukatua juu ya msingi wenyewe. Na mwimbaji mwenye fadhaa huiimba ile noti ya katikati kwa unyonge, ikawa chini kuliko ipasavyo, na msingi nao ukashuka pamoja nayo. Mstari wa tatu unairudia njia hiyo hiyo, na kosa likapata nafasi ya pili. Ndiyo sababu mwalimu wa kwaya aliye mahiri humfundisha mwanafunzi kuisikia noti ya msingi akilini kabla ya kufungua kinywa, na kuifikiria ile ya katikati kuwa inainuka.

Ama pumzi, hiyo ndiyo inayosalitiwa kwanza na hofu. Mwenye hofu huvuta hewa kwa mabega, kifua kikajaa juu juu, na hewa ikamwishia kabla ya mwisho wa mstari, mahali ambapo sauti hushuka kwa wepesi. Dawa yake ni kuvuta taratibu hata mbavu za chini zitanuke na tumbo lisogee mbele, kisha kuitoa kwa kipimo, mabega yakiwa yametulia.

Lakini hekima kubwa zaidi imo katika jinsi ya kumchagua mwimbaji. Katika zama za Stephen Cleobury, aliyeiongoza kwaya ile tangu 1982 hata 2019, watoto kadhaa walitayarishwa kwa kazi moja, na aliyechaguliwa hakuambiwa ila dakika ya mwisho, alipoashiriwa asogee mbele. Faida yake ni dhahiri: hapana aliyekesha usiku kucha akiihofia, hapana aliyeipoteza kwa mafua ya ghafula, na hapana aliyepata kuidhani kuwa mali yake.

Basi mwalimu wa kwaya wa mtaa wowote, Dodoma au Mombasa, asiyeweza kupata kanisa la fahari wala kinanda cha mabomba, anaweza kuitwaa kanuni hii bila gharama: awafundishe solo watatu au wanne, wote kwa ukamilifu ule ule, na awajaribu kwa kupiga noti ya msingi baada ya ubeti kwisha, ili kila mmoja ajisikie mwenyewe alikosimama. Atakayeteuliwa siku ya ibada atakuwa tayari, na wenziwe, wakiwa wanaujua uzito wa kazi yake, watampokea katika ubeti wa pili kama watu waliokwisha kuuimba wa kwanza.