Mwanya wa vidole viwili kwenye lema: nani anafaidika, nani anaumia?

Wazee wa Diani, Gazi na Msambweni hawana haja ya kuelezwa lema ni nini, lakini vijana wetu waliokulia mjini huenda wasijue. Ni mtego uliosukwa kwa fito, wenye mlango ambao samaki akishaingia ni vigumu kutoka. Mvuvi hulitia chambo, hulizamisha ndani ya mwamba, kisha hurudi kulipandisha. Akijaaliwa hupata tafi, pono na changu.

Tatizo ni kwamba lema halichagui. Matundu yake yakiwa madogo, hunasa pia tafi ambaye hajataga hata mara moja, pamoja na wale samaki wembamba wa rangi rangi wa kwenye matumbawe, ambao sokoni hawana bei. Samaki wa namna hii, akishatolewa majini, hamfaidi mvuvi wala bahari.

Hapo ndipo watafiti walipoingia. Mwaka 2010 mtafiti Ayana Elizabeth Johnson alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya kisiwa cha Curaçao, huko Karibi. Aliacha mianya myembamba kwenye mitego kama hii yetu ili samaki wadogo wajitoe wenyewe. Pwani ya Kenya jambo hilo lilijaribiwa na Emmanuel Mbaru na Tim McClanahan, nao wakatoa matokeo yao mwaka 2013. Mwanya wenyewe ni mrefu wa kusimama, na upana wake ni kiasi cha vidole viwili tu. Tafi aliyekomaa ana mwili mnene, hapiti. Mdogo hupita, na yule mwembamba wa matumbawe hupita pia. Waliyoyaona ni kwamba samaki wasio na faida walipungua kwenye lema, waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na pato la mvuvi likapanda.

Mtu atauliza, vipi mvuvi aachie samaki na bado apate zaidi? Jibu liko kwenye bei. Samaki mkubwa huuzwa kwa bei nzuri kwa kilo, na mnunuzi wa hoteli au wa mjini humtaka huyo. Na yule mdogo aliyetoka hajapotea. Anakua, anataga, na yumkini mwenye lema akakutana naye tena baada ya miezi.

Bahari yenyewe nayo ina fungu lake. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalifa. Matumbawe machanga yanataka jiwe safi la kushika, na mwani ukilifunika jiwe hayapati nafasi. Tafi na pono ndio wanaoula mwani huo. Tukiwamaliza wangali wadogo, mwamba unakosa wa kuusafisha, na mwamba ukifa, ufuo wa Diani hauna ngao mbele ya mawimbi ya kusi.

Hadi hapo hesabu inaonekana nzuri kwa kila mtu. Lakini kuna mtu hajatajwa: mama karanga. Huyu ndiye anunuaye samaki wadogo bandarini, akawakaanga na kuwauza jioni mtaani kwa bei ambayo mnyonge anaiweza. Samaki mkubwa hamudu kumnunua. Mwaka 2015 kundi la watafiti, Tim Daw akiwa mmoja wao, lilitoa utafiti uliofanyika upande wa Nyali, Mombasa. Ulionyesha kwamba mpango wa kupunguza uvuvi unaweza kuwanufaisha wenye vyombo na bahari yenyewe, huku wanawake hawa wakipoteza riziki bila mtu kugundua.

Kwa maoni yangu, hili ndilo tunalopaswa kulizungumza Kwale kabla ya lingine lolote. Mwanya kwenye lema nauunga mkono. Ila haifai gharama yake imwangukie mjane mwenye karai moja la mafuta, halafu tuseme tumehifadhi bahari.

Tunayo mafunzo mawili hapa hapa kwetu. Mwaka 1995 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya Diani-Chale kwenye gazeti rasmi. Wavuvi waliikataa, wakihofia kufungiwa bahari yao, na hifadhi ikabaki kwenye karatasi. Gazi mambo yalikwenda vingine. Huko watafiti wa KMFRI walipima mikoko pamoja na wanakijiji, na tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni. Fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule Gazi na Makongeni. Elimu ilikuwa ya kitaalamu pande zote mbili. Lakini Gazi wenyeji walishiriki tangu mwanzo na wakaona matunda yake.

Basi ombi langu ni kwa kamati za BMU, ambazo tangu kanuni za mwaka 2007 zina mamlaka ya kusimamia bandari zao. Watafiti wanaohesabu samaki bandarini wasomewe nafasi kwenye mkutano mkuu, waeleze takwimu zao kwa Kiswahili na Kidigo. Mama karanga wakae kwenye mkutano huo wakiwa na sauti, si kupika chai tu. Na bandari itakayokubali lema lenye mwanya ipange mapema wanawake hao watanunua nini miezi ya mwanzo: fungu la samaki kwa bei nafuu, au mtaji wa kuungana na kununua wakubwa kwa pamoja. Mvuvi anayepata zaidi kwa sababu ya mwanya hatashindwa kutoa fungu hilo.