Kuku wa Halali na Umeme: Jambo la Kuuliza Kabla ya Kununua

Katika machinjio mengi makubwa ya kuku duniani, kuku hutiwa umeme ili apoteze fahamu kabla ya kuchinjwa. Je, nyama hiyo ni halali? Ubora wake ukoje? Jambo kuu ni moja: kuku awe hai kisu kinapopita shingoni.

Umeme hufanya nini?
Kuku huning'inizwa kichwa chini, kichwa kikapita ndani ya maji yenye umeme. Umeme ukiwa wa kiasi, huzimia kwa muda mfupi huku moyo ukiendelea kupiga, asipochinjwa, huamka. Ukizidi, moyo husimama. Akifa kabla ya kisu, huyo ni kibudu. Ukipungua mno, huumia bila kuzimia.

Nyama huathirikaje?
Kuku anayepapatika huvunjika mabawa na kuvilia damu. Misuli yake pia hujaa asidi, na nyama ya kidari hupauka na kuvuja maji. Kumtuliza hupunguza hasara hiyo. Lakini umeme mkali nao huvunja mifupa na kuacha madoa ya damu kidarini. Kuzidisha umeme, basi, huharibu uhalali na biashara kwa pamoja.

Wanazuoni wanasemaje?
Hawana kauli moja. Wapo wanaokubali umeme usioua, na wapo wanaoukataa kabisa. Mwongozo wa Codex Alimentarius wa 1997 kuhusu neno halali unataka mnyama awe hai, jina la Mwenyezi Mungu litajwe, na njia ya hewa, njia ya chakula na mishipa mikubwa ya damu shingoni ikatwe.

Kwa wenye machinjio
• Kila zamu, toa kuku mmoja aliyetiwa umeme bila kumchinja. Asipoamka, simamisha kazi na urekebishe mashine.
• Panga pamoja kuku wa uzito unaolingana. Umeme huwaingia kwa viwango tofauti.
• Chinja mara tu kuku anapozimia.
• Aliyekufa kabla ya kisu aondolewe, asichanganywe na wengine.

Kwa mnunuzi
Muulize muuzaji: kuku huyu alitiwa umeme? Nani alithibitisha kuwa ni halali? Nyama ilikaguliwa? Machinjio ya kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Ukiwa na shaka, mwone afisa wa mifugo aliye karibu nawe.