Nesi wa bibi naye ana ngazi ya kupanda

Bibi yetu mzaa mama alipigwa na kiharusi msimu wa mananasi, wakati barabara ya Kiwangwa inanukia tangu asubuhi. Upande wote wa kulia ukalala. Hospitali walimpokea, wakamtibu, na baada ya siku kadhaa wakaturuhusu tukiwa na mfuko wa dawa na maelekezo mafupi: muwe mnamgeuza mara kwa mara. Mara kwa mara ni mara ngapi? Hakuna aliyeuliza. Wote tulikuwa tunawaza gari la kumrudisha kijijini.

Wiki ya tatu tukakuta kidonda kiunoni. Kwa wanaouguza wazee nyumbani sina haja ya kueleza kidonda cha aina hiyo kinavyokuwa.

Dada yangu, binti wa mama mkubwa, ni nesi wa ngazi ya cheti katika zahanati moja ya ndani huku Chalinze. Alikuja siku yake ya mapumziko, akafunua shuka, akanyamaza. Kisha akaomba saa ya ukutani. Akaining'iniza mbele ya kitanda, akachora karatasi: saa mbili ubavu wa kushoto, saa nne chali, saa sita ubavu wa kulia, na kuendelea, mchana na usiku. Kila mjukuu akapewa saa zake, hata wale vijana wa kiume waliodhani kumgeuza bibi ni kazi ya wasichana. Akatufundisha kusafisha kidonda, kumlisha akiwa ameketi asipaliwe, kuunyoosha mkono uliolala. Kidonda kilichukua miezi, lakini kilifunga.

Nimeanza na bibi kwa sababu siku hizi wazazi wengi wananiuliza kuhusu watoto wao waliomaliza kidato cha nne na wanataka uuguzi, na swali huwa moja tu: ajira ipo? Ni swali la haki. Ila linaiacha pembeni nusu nyingine ya habari. Kijana akishaipata hiyo kazi, anakwenda wapi? Atabaki kubandika dripu hadi astaafu, au kuna siku ataongoza?

Tuanze na mlango wa kuingilia, tuumalize haraka. Kwa kidato cha nne, vyuo vya uuguzi vinataka ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, na humo ndani lazima iwepo baiolojia, kemia na fizikia. Kiingereza na hisabati vinamwongezea mwombaji nafasi. Mkoani kwetu Pwani kuna vyuo Kibaha na Bagamoyo. Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET na kinatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kuna wazazi waliouza shamba wakasomesha mtoto mahali ambapo cheti chake hakimpi leseni. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani, afya ikiwemo. Habari hiyo bado haijafika vijiji vingi.

Sasa ngazi yenyewe. Kuna cheti, stashahada, shahada, halafu shahada ya uzamili kwa anayetaka kubobea. Pamoja na hizo kuna leseni ya Baraza, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Bila leseni hai, nesi haruhusiwi kumgusa mgonjwa, na katika kuihuisha anatakiwa aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza kazini. Wengi huyaona mafunzo hayo kama usumbufu wa kukusanya pointi. Dada yangu naye aliyaona hivyo, mpaka siku alipohudhuria somo la siku mbili juu ya vidonda. Ile karatasi ya saa ya bibi ilitoka humo.

Ngazi nyingine ni ya madaraka: msimamizi wa wodi, muuguzi mfawidhi wa kituo au hospitali, muuguzi mkuu wa wilaya, wa mkoa, mpaka kurugenzi ya uuguzi na ukunga wizarani. Huku juu ujuzi wa sindano hautoshi. Siku hizi fedha za serikali huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na anayesimamia lazima ajue kupanga bajeti, kuagiza dawa, kukaa na kamati ya usimamizi wa kituo na kujibu maswali ya mwenyekiti wa kijiji. Ukweli ni kwamba vyuo vingi vinamfundisha nesi kumhudumia mgonjwa vizuri sana, halafu uongozi anajifunzia kwa kuungua.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa wanawake ni karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na huduma za jamii duniani, lakini wanashika kama robo tu ya nafasi za juu. Sababu zinajulikana katika kila nyumba yenye nesi. Zamu za usiku, mimba, watoto wadogo, mume anayeuliza utarudi lini.

Ila nadhani kuna eneo moja ambako muuguzi wetu anaweza kuwa kiongozi bila kusubiri cheo: nje ya hospitali, kwa wazee, walemavu na wagonjwa wasiopona leo wala kesho. Kwenye makazi ya wazee ya serikali, kama Funga Funga pale Morogoro, Nunge Kigamboni au Mwanzange Tanga, anayewajua wakazi kwa majina na kwa dawa zao ni muuguzi akisaidiana na afisa ustawi wa jamii. Daktari ni mgeni. Nyumbani kwetu hata huyo mgeni hafiki.

Waganda waliliona hili mapema. Hospice Africa Uganda ilianzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, lakini kazi ya kuwafuata wagonjwa wa saratani na UKIMWI majumbani waliibeba wauguzi. Rose Kiwanuka, muuguzi wa kwanza wa tiba shufaa nchini humo, baadaye aliongoza chama cha kitaifa cha tiba hiyo. Na mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni: muuguzi aliyesomea tiba shufaa akaruhusiwa kuandika mwenyewe mofini ya maji kwa mgonjwa mwenye maumivu makali. Fikiria maana yake kwa mama aliye kilomita arobaini kutoka kwa daktari wa karibu. Hapa kwetu, ukipita Segera ukielekea Tanga, Hospitali Teule ya Muheza imekuwa na huduma ya hospisi ambayo wauguzi wake huwafuata wagonjwa vijijini.

Kenya nako yupo Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit aliyefungua shule kijijini kwao, asubuhi watoto na jioni wazazi, huku akipambana na ukeketaji na ndoa za utotoni. Mwaka 2022 alipewa Dubai tuzo ya muuguzi bora wa dunia ya Aster Guardians, dola 250,000 za Marekani. Hata Uingereza ilichelewa kukipa sauti kitengo cha kulea wazee: muuguzi mkuu wa kwanza wa huduma za ustawi wa watu wazima kwa England, Deborah Sturdy, aliteuliwa mwaka 2020.

Nirudi kwa dada. Mwaka uliofuata alipata nafasi ya kusomea stashahada. Tulidhani ni sherehe. Kumbe ni kikao.

Mama mkubwa alikuwa wa kwanza kupinga. Mwanangu, watoto wawili, wa mwisho hajafika miaka mitatu, unamwachia nani? Shemeji hakupinga wala hakukubali. Alihesabu ada kwenye simu, akafuta, akahesabu tena. Dada mwenyewe alikuwa na hofu nyingine, na hii ndiyo ningependa kila nesi anayesoma hapa aijue. Mtumishi wa umma hafungi tu begi akaenda chuo. Lazima awe amethibitishwa kazini, jina lake liwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na apate ruhusa kwa maandishi. Akiondoka bila hiyo karatasi anahesabiwa mtoro, na mtoro hupoteza kazi. Mwenzake mmoja aliwahi kuondoka kwa ruhusa ya mdomo ya mkubwa wake wa kazi. Mkubwa akahamishwa, mdomo ukahama naye.

Na si hivyo tu. Ukirudi na stashahada, mshahara haupandi siku hiyo. Unaomba kubadilishiwa kada, unasubiri ikama na bajeti, na kusubiri huko kunaweza kuwa kurefu. Familia inayokopa kwa kutegemea mshahara mpya Januari itaumia. Kwa hiyo pigeni hesabu za nyumbani kwa mshahara wa zamani, muda wote wa masomo na zaidi kidogo.

Kikao kilikwama kwenye watoto. Aliyekikwamua ni bibi, ambaye siku zote hizo ulimi wake ulikuwa mzito na sisi tulikuwa tumeshazoea kumsemea. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea ile saa ukutani. Tukadhani anataka kugeuzwa. Akatikisa kichwa, akamwonyesha dada, akasema kwa kukatakata, "Aende. Mgawane saa."

Tukachukua karatasi nyingine. Mtoto mkubwa akaenda kwa mama mkubwa, karibu na shule. Mdogo akaja kwangu siku za kazi, shemeji anamchukua Ijumaa jioni. Ada ikagawanywa mafungu, na mjomba aliyeko Lugoba kwenye kokoto akachukua fungu moja bila kuombwa mara mbili. Barua ya ruhusa dada aliitoa nakala tatu. Moja ninayo mimi, ndani ya Kurani ya marehemu babu, mahali ambapo hakuna mtu nyumbani anayethubutu kuchezea.

Sasa yuko chuoni. Ameniambia amechagua kufanya kazi yake ya mwisho juu ya uuguzaji wa wagonjwa wa kiharusi majumbani, na kwamba akirudi ataomba zahanati itenge siku moja kwa wiki ya kuwafuata wazee, yeye pamoja na mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji. Hajui kama atakubaliwa. Jumamosi moja kwa mwezi hushuka kwenye basi pale njia panda ya Chalinze, ananunua machungwa, anapanda bodaboda. Akifika anamsalimia bibi, kisha, kabla hajambeba mwanawe, anaangalia kiuno cha bibi, halafu saa.

Mwezi uliopita saa ilikuwa imesimama. Betri. Alitugombeza wote.