Jinsi ya kurejesha mng'ao wa rimu bila kuziharibu

RIMU zilizogeuka nyeusi huharibu sura ya gari hata bodi yake ikiwa inametameta. Hata hivyo, pupa ya kuzing'arisha huenda ikamgharimu mwenye gari rimu zenyewe.

Weusi huo si matope pekee. Dereva akanyagapo breki, pedi husuguana na diski na kutoa vumbi lenye chembechembe za chuma. Vumbi hilo hutua kwenye rimu likiwa moto, likagandamana nayo, na baada ya kupata maji likashika kutu.

Kwanza, subiri rimu zipoe. Zioshe kabla ya bodi, moja baada ya nyingine, kwa ndoo na kitambaa cha pekee, kwani chembechembe hizo hukwaruza rangi ya gari. Anza kwa maji mengi, kisha sabuni na brashi laini. Madoa sugu yapake dawa ya kusafishia rimu isiyo na asidi, na uisuuze kabla haijakauka.

Epuka asidi ya betri na waya wa kusugulia sufuria. Vitu hivi huondoa utando unaokinga alumini. Rimu zikikauka, zipake nta.

Kwa kawaida, rimu za mbele huchafuka zaidi kwa kuwa breki za mbele hufanya kazi kubwa. Lakini moja ikiwa nyeusi mno kuliko ile ya upande wa pili, mwone fundi. Huenda breki imekwama.

Mwisho, kabla ya kushika kasi barabarani, kanyaga breki taratibu mara kadhaa zipate kukauka.