Daktari aliyeokoa miguu ya wanajeshi

HEBU fikiria, msomaji, umevunjika mfupa wa paja. Watu wanakubeba hobelahobela hadi kwenye gari, mguu ukining'inia. Kila gari linaporuka shimo, ncha za mfupa zinazidi kukata nyama na mishipa ya damu. Unaweza kukata roho kabla ya kuona lango la hospitali.

Hivyo ndivyo wanajeshi wengi wa Uingereza walivyokufa mwanzoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza, vilivyozuka 1914. Miongoni mwa waliobadili hali hiyo, jina la Robert Jones liko mbele.

Jones alizaliwa mjini Rhyl, Wales, mwaka wa 1857. Akiwa na umri wa miaka 16, alienda Liverpool, Uingereza, kuishi na Dkt Hugh Owen Thomas, mume wa shangazi yake. Thomas alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa kienyeji, watu waliorithishana kazi hiyo bila kukanyaga chuo. Yeye alisomea udaktari. Kila Jumapili aliwatibu maskini bila malipo, na kijana Jones akawa msaidizi wake.

Thomas alikuwa ameunda gango la chuma: pete iliyofunikwa ngozi ikikaa juu ya paja, na vyuma viwili vikiteremka kando ya mguu hadi chini ya wayo. Mguu ulivutwa ukanyooka, ukafungwa usitikisike. Madaktari wengi wa wakati huo hawakumjali. Alifariki 1891, lakini mwanafunzi wake hakusahau.

Wakati huo Jones alikuwa tayari na kazi nzito. Tangu 1888 alisimamia matibabu ya maelfu ya vibarua waliochimba mfereji wa meli wa Manchester, wenye urefu wa kilomita 58. Alipanga vituo vya huduma ya kwanza na hospitali kando ya mfereji, ili majeruhi asisafirishwe mbali kabla ya kufungwa vizuri. Mnamo Februari 1896, miezi michache tu baada ya eksirei kugunduliwa, yeye na mwanasayansi Oliver Lodge waliitumia kutafuta risasi iliyokwama katika kiwiko cha mkono wa mvulana.

Je, wamjua Agnes Hunt? Huyu alikuwa muuguzi aliyelemaa nyonga tangu utotoni. Mwaka wa 1900 alifungua nyumba ya watoto walemavu kijijini Baschurch. Alipokutana na Jones, daktari huyo alikubali kwenda huko kuwafanyia watoto upasuaji. Wengi walikuwa na kifua kikuu cha mifupa, nao walilazwa kwenye vibanda vilivyo wazi wapate hewa safi na jua.

Vita vilipozuka, Jones alihimiza gango la Thomas litumike vitani. Wabebaji wa machela walifunzwa kulifunga hata wakiwa wamezibwa macho, kwani kazi yenyewe ilifanywa gizani. Kwa hesabu inayonukuliwa mara nyingi, kati ya kila wanajeshi 100 waliovunjika paja kwa risasi au mzinga, takriban 80 walikuwa wakifa. Kufikia 1918 idadi hiyo ilishuka hadi karibu 20.

Jones hakutosheka na kuokoa uhai. Katika hospitali zake za kijeshi aliweka karakana, ambamo majeruhi walifanya useremala na kazi nyingine ili viungo vipate nguvu, na mtu arudi kwao akiwa na ujuzi wa kujilisha.

Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1917, akafariki Januari 1933. Makao ya Agnes Hunt, yaliyohamia Oswestry 1921, leo ni hospitali kubwa ya mifupa yenye majina yao wawili.

Basi, msomaji, siku utakapokuta ajali ya matatu au bodaboda, mkumbuke daktari huyu. Ikiwa hapana moto wala hatari nyingine, usikimbilie kumnyanyua majeruhi. Ita msaada na uzuie damu. Ikibidi asafirishwe, ufunge mguu uliovunjika pamoja na ule mzima, au kwa ubao, usicheze. Haraka haraka haina baraka, na hapa inaweza kumgharimu mtu mguu, au hata roho.